Kabla Sheha Hajaisoma Hadithi Yako

Hounslow, London
Ijumaa, Novemba 1998

Mwanangu Salma,

Shangazi yako mzima, ila magoti yananigombeza kila baridi ikianza. Mguu wa baba yako unaendeleaje? Na bibi, bado hataki kuvaa miwani? Nataka majibu ya yote hayo, lakini kwanza imalize barua hii, na tafadhali isome ukiwa peke yako. Nimempa Bi Rukia, muuguzi anayesafiri kesho kuja kwao Wete, akutie mkononi mwenyewe. Kupiga simu nimeogopa. Simu ya karibu yenu iko dukani, na wewe mwenyewe uliniandikia kuwa Sheha Bakari hukaa kwenye baraza ya duka lile kila baada ya alasiri.

Hadithi yako tumeisoma. Unajua kikundi chetu cha waandishi hukutana Jumamosi moja baada ya nyingine, chumba cha nyuma cha ukumbi wa jamii hapa Hounslow. Tukitimia tuko tisa, wengi Waunguja na Wapemba, pamoja na Mama Furaha, Mkongomani anayesafisha maofisi kule Croydon, na ndiye anayeandika kutushinda sote. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza mpaka mwisho, kisha ndipo tunasema. Mwakani tunakusudia kutoa kijitabu cha hadithi. Waambie wenzako wa chuo cha ualimu kwamba bado tunapokea: kurasa zisizozidi sita, upande mmoja wa karatasi, na kila mtu abaki na nakala yake, kwani bahasha hupotea.

Jumamosi iliyopita nilikusomea mimi. Nilipofika pale sheha, ambaye bila yeye karatasi ya mtu wa shehia yake haitambuliwi serikalini, anapoutoa muhuri kwenye kopo la maziwa ya unga, anaifungua leso alioufungia polepole, kisha ananawa mikono kwa birika kabla ya kuugusa, watu walicheka hadi nikanyamaza kuwasubiri.

Mama Furaha akasema, "Ule mutu niko namujua! Ata kwetu Bukavu iko mumoja kama ule."

"Wa kwenu ana kopo?" akamuuliza Mzee Khatib, aliyekuwa mkaguzi wa shule zamani.

"Kopo hana. Lakini mikono ananawa, baba. Ananawa sana!"

Nilifurahi, Salma, sikufichi. Hadithi ikitoka Pemba ikamfikia mtu wa Bukavu, huyo aliyeiandika ameshajua kazi. Nikaendelea mpaka pale mjane anapokwenda kwa mara ya saba na karatasi ya urithi wa mikarafuu ya marehemu mumewe, na sheha anamwambia muhuri utapigwa akimwachia mavuno ya mwaka huu. Na mjane anajibu, "Basi nipigie mimi huo muhuri, kwenye paji la uso, nijulikane kuwa nimeshauzwa." Hapo hakucheka mtu.

Kisha sauti ikatoka nyuma. "Huyu si Sheha Bakari huyu?"

Aliyesema ni bwana mmoja anayeitwa Hafidh. Huu ulikuwa mwezi wake wa pili kuja. Haandiki, anasikiliza tu. Ana adabu, koti lake safi, na huwasaidia wazee kushuka ngazi. Akaendelea, taratibu, "Amembadilisha jina, lakini kopo ni lake. Na mjane namjua pia." Watu wakacheka tena. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Alipoomba nakala nikampa.

Sasa nikueleze kosa, langu kwanza. Sisi hapa tukimtambulisha mwandishi hatusemi jina tupu. Tunataja la baba, la babu na shehia anayotoka, ili watu wajue mtoto wa nani. Nilizipiga fotokopi kazini, na juu ya kila moja nikaandika kwa herufi kubwa: Salma Juma Faki, mtoto wa mwalimu mkuu, na jina la shehia yenu. Nilikuwa najivuna. Ilinichukua hadi Jumapili asubuhi, nikiwa naosha vyombo, kuelewa nilichokitoa mkononi.

Kosa lako ni la mwanafunzi, na wengi wanalifanya. Ulidhani ukimwita Bakari kwa jina la Mbwana umemficha. Jina ndicho kitu chepesi kuliko vyote kwa mtu. Watu hutambuana kwa namna ya kufungua leso. Ulichotakiwa kufanya ni kubaki na ubaya wake na kumpa mwili mwingine: awe karani wa kike wa mjini, karatasi iwe ya nyumba, na kopo, ingawa najua litakuuma, libaki kwenye daftari lako miaka kumi. Nilikufundisha kutazama tangu ukiwa mdogo. Kuficha sikukufundisha.

Lakini sheha simhofii sana kwa ajili yako. Wewe una baba, na baba yako ana watu. Ninayemhofia ni Bi Mize, mjane mwenyewe. Maneno yale ya muhuri kwenye paji la uso hukuyabuni, Salma. Uliniandikia mwezi wa sita kwamba alikwambia wewe peke yako, jikoni kwake, akilia. Na karatasi yake haijapigwa muhuri mpaka leo. Sheha akisoma mstari ule atajua nani kasema na kwa nani, na karatasi ile ndiyo basi. Hana mtoto wa kiume wala kaka, ana mikarafuu ile tu.

Jumatatu nilipanda basi hadi dukani kwa Hafidh nikamwomba nakala yangu.

"Ah, Mwalimu, umechelewa," akasema, akinivutia kiti. "Jumatano jamaa yangu anasafiri, nimeshampa. Na wao nyumbani wasome, mtoto wao huyo."

"Nani hasa atakayesoma?"

"Watu," akasema. Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nilipompigia Mzee Khatib kumweleza, alisema kila kikao alichowahi kukaa maishani kilikuwa na msikilizaji wake, wa kupeleka maneno kwa wakubwa. Binti yangu Asha anasema kwa Kiingereza chake kwamba nakuza mambo, hadithi ni hadithi. Amezaliwa hapa, hajawahi kusubiri muhuri wa mtu.

Kwa hiyo nakala ile imetangulia siku tatu mbele ya barua hii. Ukimaliza kusoma, usiende kwa baba yako kwanza. Nenda kwa Bi Mize. Msomee hadithi yote, hata pale utakapoona haya, na umwambie ni wewe. Alipaswa kuwa msomaji wako wa kwanza, nami nilipaswa kukuuliza kama ameisikia kabla sijafungua kinywa changu. Akikufukuza, ondoka kwa heshima. Akitaka kwenda Wete kwa kadhi na baba yako kabla sheha hajamwita, mfuatane siku hiyohiyo. Kijitabuni nimeiondoa.

Nisalimie baba yako, mama yako, bibi yenu mwenye kichwa kigumu, na shemeji yangu fundi cherehani. Wadogo zako wabusu.

Nakupenda, na bado nasema unajua kuandika.

Shangazi yako,
Mwalimu Zuhura

Nimeifungua tena bahasha. Hafidh amepiga simu sasa hivi, mara ya kwanza kunipigia nyumbani. Ameniuliza hali, akauliza magoti, kisha akasema, "Mwalimu, yule mjane wa kwenye hadithi, bado anaishi peke yake?" Nikamwambia ile ni hadithi tu. Akacheka kidogo. "Najua, Mwalimu. Nauliza tu."