Kwa Nini Nilimtaja Baba Mbele ya Wafadhili

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua mwezi wa tatu umeanza kukuonea huruma. Wifi anaendeleaje na kazi za zamu? Na mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku tunashukuru. Mimi ni mzima, ila kila nikiingia chini ya sinki magoti yananiambia kwamba sina tena miaka ishirini. Baba anakula na analala vizuri. Mengine yake ndiyo yaliyonikalisha hapa kuandika.

Ujumbe wako nimeupata, nimeusoma mara tatu. Najua Shangazi ndiye aliyekupigia, na simlaumu, maana alilisikia sokoni jambo ambalo angepaswa kulisikia kwangu. Lakini lile neno lako, kwamba nimemwanika Baba mbele ya matajiri, limenichoma. Sikutaka kukujibu kwa simu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hukatizana maneno. Nisome mpaka mwisho, Kaka, kisha unihukumu.

Ulipoondoka, Baba alikuwa akisahau miadi na majina ya wateja tu. Mwaka jana, mchana mmoja nikiwa kazini, alichukua spana yake akang'oa koki zote za nyumba, akazipanga juu ya kitanda kama mtu anayejiandaa kwenda kazi ya mbali. Niliporudi maji yalikuwa yamefika barazani. Nilimkuta amesimama sebuleni, suruali imelowa hadi magotini, akaniambia kwa upole kabisa, "Usiwe na wasiwasi, mama. Fundi yuko njiani."

Aliniita mama vile tunavyowaita wateja. Hakujua kwamba mimi ni mwanawe, wala kwamba fundi mwenyewe ni yeye.

Nilikimbilia nje kufunga valvu kubwa. Baadaye nilizirudisha koki mahali pake, nikavivua vishikio vyote na kuvificha. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu anayetaka maji ananiomba mimi.

Sasa sikiliza. Unajua kazi yetu hii inatuingiza vyumba ambavyo hata ndugu hawaingii. Baada ya lile tukio, ndani ya miezi kumi niliitwa nyumba tatu kubwa, na zote tatu walitaka nivue vishikio vya mabomba. Ya kwanza ni ya yule mwenye kiwanda cha magodoro, ambaye Baba ndiye aliyemtandazia mabomba alipojenga. Aliniambia kuna watoto wa wageni wanachezea maji ghorofani. Sikuona mtoto. Nilimwona mke wake ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu viwili vya mguu wa kushoto, ananitabasamia kama tuliolelewa pamoja. Nyumba ya pili ni ya mwenye mabasi, anayekaa na mama yake. Ya tatu ni ya yule mama jaji mstaafu. Yeye alisema ni kutu, na wakati wote mumewe alikuwa anagonga mlango kwa ndani, taratibu, bila kuchoka.

Sikuuliza kitu. Baba alitufundisha kwamba ya ndani ya nyumba ya mteja tunayaacha humo humo.

Halafu ikaja siku ya kliniki ya Baba. Nilimkuta daktari wake, yule mama mfupi anayesema haraka haraka, anapanga mafaili kwenye maboksi. Kumbe kwa miaka sita amekuwa akifanya utafiti wa ugonjwa huu wa kusahau. Anawafuatilia wagonjwa na watoto wao, mwaka hadi mwaka, ajue unaanza lini na unaanzaje. Shirika lililokuwa likimfadhili limejitoa. Nikamuuliza kwa nini asiwaendee watu wenye uwezo wa mji huu.

"Nimewaandikia wote," akasema. "Wananijibu kwa adabu kwamba ugonjwa huo kwao haupo."

Kaka, ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikaumeza. Siri zile hazikuwa zangu. Lakini nilipokuwa namfunga Baba mkanda wa kiti garini niliona kwamba siri moja ni yangu, yangu na yako, na hiyo naweza kuitoa. Hapo nilikosea kutokukuuliza kwanza. Kwa hilo nisamehe. Kwa yaliyofuata siombi msamaha.

Nilivaa gauni la heshima, nikaenda nyumba zote tatu bila begi la vifaa. Kila nilipofika nilieleza habari za Baba tu, na za daktari, nikaomba tukutane naye. Mwenye magodoro alinipokea kwa bashasha, "Aa, Spana, binti wa fundi!" Nilipomaliza, bashasha ilikuwa imekwisha. Alikaa kwenye ngazi.

"Nani mwingine anajua ya humu ndani?"

"Hakuna aliyeyasikia kwangu."

"Na wewe kumtaja baba yako hivi, huoni aibu?"

"Naona," nikamwambia. "Ila nimechoka kuiona peke yangu."

Akasema mkutano ufanyike kwake, kwenye ghala la kiwanda, kwa sababu mtu akiingia pale watu watadhani anafuata godoro. Mwenye mabasi alikubali kuja kwa sharti kwamba asikutane na anayemfahamu. Jaji alinisindikiza hadi getini, akanishukuru kwa kazi zote nilizowahi kumfanyia, akaniambia nisirudi tena.

Basi Jumamosi moja asubuhi tukakutana. Viti havikuwepo, tukakalia magodoro yaliyofungwa nailoni, na kila mtu akijigeuza kidogo yanapiga kelele, mpaka daktari akaomba tutulie kama watoto wa shule. Alikuwepo pia mfamasia mmoja aliyeletwa na daktari. Mwenye mabasi aliingia wa mwisho. Alipomwona mwenye magodoro akageuka kutaka kutoka.

"Nimekosea mlango," akasema.

Watu wawili hao wamekaa kamati moja ya wafanyabiashara miaka kumi na minane, na hakuna aliyejua ya mwenzake. Nikaona asiposema mtu sasa hivi tutaagana hivi hivi. Nikasimama. Nikaeleza maji yalivyojaa sebuleni, na Baba alivyoniita mama. Hayo ndiyo Shangazi aliyoyasikia, na ni kweli niliyasema, na nililia mbele ya watu wale.

Mwenye mabasi alirudi akakaa. Bila kuinua kichwa akasema, "Mama yangu hunifukuza chumbani. Anasema mwanawe ni mdogo bado, mimi ni mwizi."

"Wangu yuko ghorofani," akasema mwenye magodoro. "Huu mwaka wa nne."

Nilidhani kazi imekwisha, lakini daktari si mtu wa kupaka mafuta. Aliwaambia waziwazi kwamba utafiti unachukua miaka mingi, na kwamba hakuna mgonjwa hata mmoja tuliyemtaja pale atakayepona kwa ajili yake.

"Sasa mimi natoa kwa ajili ya nani?" akauliza mwenye magodoro.

"Kwa watakaofuata. Pengine watoto wako."

Alitoka nje. Tukasikia mlango wa gari ukifungwa. Mfamasia akaanza kukusanya karatasi zake. Lakini gari halikuwaka. Tulikaa tukisikiliza, muda mrefu, na hata nailoni ilinyamaza. Mwishowe akarudi, macho mekundu.

"Niandikeni wa kwanza," akasema. "Na jina langu lisifichwe. Nimeficha vya kutosha."

Leo familia kumi na moja zimeungana kwenye mfuko huo, na daktari ametoa mafaili kwenye maboksi. Jaji hakuja, hajaja mpaka leo. Nikipita kwake naona pazia la ghorofani limefungwa, na kila mara nawaza kama nilimwendea vibaya.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Daktari anataka kumwandikisha Baba, na sisi watoto wake pia, tupimwe kila mwaka. Mimi nimeshaanza. Walinisomea maneno matano, wakanizungumzisha mambo mengine, kisha wakataka niyarudie. Nikayapata manne. Daktari alisema ni kawaida, lakini siku mbili nzima nilikuwa nalitafuta lile la tano. Kwa hiyo sikuambii kwamba ni jambo jepesi. Fomu yako imo kwenye bahasha hii. Hawatamwandikisha Baba bila sahihi za watoto wote wawili. Ukikataa, nitakuheshimu, na sitakusema kwa mtu.

Ila kabla hujaamua, ujue kwamba nilimuuliza mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, namnyoa ndevu, na alikuwa na zile dakika zake ambazo macho yanamrudia. Nikamweleza yote polepole. Alisikiliza hadi mwisho, akashika mkono wangu wenye wembe ili nisite kidogo.

"Waje waangalie," akasema. "Wakijua ubovu unaanzia wapi, wawaambie nyinyi wawili mapema."

Kisha akaniuliza kama umeshatoka shule. Nikamwambia bado, Baba, yuko njiani.

Msalimie sana wifi, na mapacha uwakumbatie hadi walalamike. Shangazi nimekwenda kumwomba radhi, tumeyamaliza, naye anakusalimu. Mungu awatunze nyote huko mliko na awape moyo wa utulivu.

Mdogo wako akupendaye, hata ukiwa umenikasirikia,

Spana