Maji ya Alizeti Mikononi mwa Baba

S.L.P. 318,
Singida.
19 Aprili, 1995

Mpendwa Shangazi Hajira,

Shikamoo. Natumaini uko mzima hapo Tanga, na ule mguu umeacha kukusumbua. Mimi mwili haujambo. Usingizi ndio sina.

Najua ulisikia nilichomwambia Baba wakati wa futari. Tangu apunguzwe kazi ushirika, kila siku alivaa shati la ofisini na kukaa kibarazani. Nikasema mbele ya wageni kwamba amekaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Tangu hapo hakubali nimnawishe. Kila Jumamosi nikienda nyumbani na kumletea birika, anainuka na kwenda kunawa mwenyewe nje. Hata Idi ilipita hivyo.

Alhamisi iliyopita nilisafiri kwenda Misigiri kula Pasaka kwa kina Cecilia, mwalimu mwenzangu. Aliyetuendesha ni rafiki yetu Pranee, Mthai wa mradi wa alizeti. Kwao ilikuwa mwaka mpya, na siku hiyo watu humwagiana maji. Tuliposimama njiani alimmwagia Cecilia kopo zima kichwani, naye akalipiza. Mama mmoja aliyekuwa akitoka kisimani akatuuliza, "Nyie, maji ndiyo mnayachezea?" Tukaacha kwa aibu.

Pranee akasema limebaki jambo lililo kubwa: vijana huwamwagia wazee maji mikononi, wakaomba radhi, na wazee wakawaombea heri. Cecilia, ambaye hajui lolote, akadakia, "Twende kwa baba yake Radhia, si hapo tu Iguguno?"

Tulipofika kwa Baba, Pranee alitia petali za alizeti ndani ya kopo la maji. Niliogopa Baba ataona ni ibada ya kigeni. Aliyatazama, akauliza, "Ni dawa?"

"Ni heshima tu, Baba," Pranee akasema.

Akanyoosha mikono. Pranee akamwaga, kisha Cecilia. Kopo likanifikia. Hakuinuka. Nilimwaga polepole maana yalikuwa machache, nikasema, "Nisamehe, Baba." Sauti ilikuwa ndogo mno, sijui kama alisikia.

Akakung'uta vidole, akabaki ameinua mikono. Sisi tunangoja baraka, yeye anangoja. Mwisho akanigeukia: "Sasa umeninawisha, chakula kiko wapi?"

Cecilia alicheka mpaka akakaa chini. Mama alikuwa msibani Ikungi, jiko limepoa kabisa. Nilikimbia kuwasha moto, nikasonga ugali, nikapika mlenda. Ilichukua karibu saa nzima. Nilipotoka nilimkuta palepale, mikono ameielekeza juu, hajagusa kiti wala fimbo yake. Nikamwuliza kama nilete maji tena. Akasema, "Si nimeshanawa?" Akala.

Shangazi, wewe ulikua naye. Amenisamehe, au alikuwa na njaa tu? Nimeliwaza hili kila usiku hadi kichwa kinauma. Tafadhali usimwulize yeye. Jumamosi nakwenda tena Iguguno, na naogopa kulishika lile birika.

Nisalimie wanao, Kuluthumu na Abdulmajidi. Mwambie Abdulmajidi picha yake ya shule nimeibandika ukutani. Mungu aufanye mguu wako mwepesi, na nyumba yako isikose wa kukunawisha.

Mwanao nikupendaye,
Radhia