Glopu Iliyochorwa kwa Chaki

Alhamisi. Mvua imenyesha alfajiri, imetuachia tope na fukuto. Moyo wangu nao hivyo hivyo, umelowa na unachemka.

Leo nimekwenda shuleni kwa mjukuu wangu Hadija, yuko kidato cha pili. Hakuna aliyeniita. Nimejiita mwenyewe, kwa sababu alama zake za fizikia ni za aibu, na mie aibu sijaizoea.

Hapa Keko nilipita mbele ya mafundi ninaowapigiaga msasa vitanda vyao. Mmoja akaniona nimevaa doti jipya la kanga na viatu vya kufunika, akapayuka, "Bibi, leo kafa nani?"

"Atakufa mwalimu, kwa maneno yangu!"

Wakacheka. Lakini sikuwa natania. Maneno nilikuwa nimeshayapanga toka jana.

Hadija anataka kufanya kazi kwenye mitambo ya umeme kule Kinyerezi. Walipelekwa kuiona akiwa shule ya msingi, akarudi hali, hanywi, kazi kuniambia tu, "Bibi, gesi inageuka taa!" Tangu siku hiyo natembea kifua mbele. Mie niliishia darasa la nne kule Newala, lakini mjukuu wangu atawasha taa za mji. Nimewaambia hata wasioniuliza.

Sasa kidato cha pili kikiisha, wanachagua masomo. Ukibaki na fizikia, mlango wa mitambo bado uko wazi. Ukiiacha, umejifungia mwenyewe. Hakuna kurudi.

Nimefika, nikasimama kwenye dirisha la darasa lao, halina kioo. Mwalimu ni binti mdogo, msafi, ana sauti nzuri. Ubaoni kachora betri, waya na glopu. Vyote vya chaki. Betri ya kushika hakuna, waya hakuna, glopu ya kuwaka hakuna. Anasoma Kiingereza kutoka kwenye kitabu, watoto wananakili. Mtoto anafundishwa umeme bila kuona hata cheche! Ni sawa na kumfundisha mtu kupika kwa kumchorea sufuria.

Kisha akauliza, "Tumeelewana?"

"Ndiyooo, madamu!" Darasa zima, kwa mpigo mmoja.

Kiingereza mie sikijui. Lakini uso wa mtoto ambaye hajaelewa naujua, nimelea wengi. Hadija alikuwa anaitikia huku macho kayatupa chini.

Nikashindwa kuvumilia. Nikaingiza kichwa dirishani. "Waongo nyie! Hajaelewa hata mmoja!"

Wakacheka mpaka madawati yakalia. Mmoja akauliza, "Bibi wa nani huyu?" Hadija alilaza uso kwenye dawati.

Mwalimu akatoka. Nilidhani ananifukuza. Akapiga goti kidogo, akanipa shikamoo yangu, akanisogeza pembeni ya varanda. Basi nikaanza kumwaga nilichokuja nacho. Sikufika mbali.

"Ni kweli, bibi, hawajaelewa. Hata mie mwenyewe sielewi vizuri. Nimesomea Historia. Mwalimu wa fizikia alihamishwa, mwingine hajaletwa. Najisomea usiku, asubuhi nasimama mbele yao."

"Basi waambie ukweli!"

"Nikiwaambia, bibi, nani ataingia humo darasani kuwafundisha?"

Nilikuwa na maneno ya kumtosha mvivu. Ya kumpa mtu kama yule sikuwa nayo.

Nikarudi na viatu vyangu vimejaa tope.

Jioni Hadija aliporudi hakunisalimia. Nikamuuliza kwa nini wanadanganya, kwa nini wasinyooshe mkono waseme hawajaelewa, midomo si wanayo? Akaropoka.

"Sie tunajua, bibi! Ukisema hujaelewa, madamu anarudia vilevile kutoka kwenye kitabu, halafu sauti inaanza kumtetemeka. Tunaitikia ili asiaibike. Leo umemwaibisha."

Watoto wale wote. Wanamwonea huruma mwalimu wao kuliko wanavyojionea wenyewe.

Halafu akaniambia lililoniua. Kesho anakwenda kuandikisha jina masomo ya sanaa. Fizikia anaiacha. Anasema Historia akifundisha yule yule madamu, unawaona watu wa zamani wanatembea darasani. Hiyo anaielewa. Hiyo atafaulu.

"Na Kinyerezi?" nikamuuliza.

"Kinyerezi itawaka tu, bibi. Watakwenda wengine."

Nikamwita mvivu. Nikamwita mwoga. Nikamwambia ukoo wetu haujawahi kuacha kitu katikati. Hakulia, alichukua ndoo akaenda kuosha vyombo. Na mie nikabaki najua kuwa nimesema uongo, maana mtoto yule si mvivu, na mwoga ndiyo kabisa siye. Amepiga hesabu zake, zimekuja hivyo.

Nyie mnaonisoma hapa mtandaoni mtaniandikia nisikate tamaa. Msiniandikie hayo. Kama unajua mwalimu wa fizikia, mlete. Kama humjui, nyamaza kama mie.

Nguvu ya kumkataza ninayo. Mie ndiye bibi yake, nikisema abaki na fizikia, atabaki.

Abaki na nani?