Eshapema ya Gari la Henri

Jumatatu, 3 Juni 2024

Eshapema imekufa. Bomba lote la moshi limekatika kwenye mawe, njiani kutoka Fizi, nikalisikia linaburuzika chini ya gari. Nikashuka, nikalifunga kwa kitambaa. Kikaungua! Moshi ukaingia ndani, na bamama waliopanda nyuma na mihogo yao wakakohoa hadi hapa mjini Baraka. Mimi nilikohoa na kutukana, na kitambaa cheusi cha ujane kichwani. Shemeji Albert, kaka ya mume wangu, angenisikia angezimia.

Henri angecheka. Bomba hilo mume wangu alilishona mwenyewe kwa vipande vya bati, na lilipiga kelele miaka yote. Homa ilimchukua mwezi wa pili. Pikapu imebaki na mimi, naiendesha mimi, mtoto wetu Merveille anakula na kusoma kwa pato lake. Likisimama gari, tumesimama sisi wawili.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Claver, yule Mrundi mchomeleaji karibu na soko. Ana mbili za kuchagua. Moja imetoka Uvira, imeshatumika, ina chungu kinene kinachomeza sauti—gari linapita kimya. Nyingine ataiunda mwenyewe: bomba nene, halina chungu, linapanda nyuma ya kabini hadi juu ya vichwa vya abiria.

“Mama Merveille, hii ya Uvira iko muzuri kwa mu ville, hapa mu mji,” amesema. “Lakini ile ya kupanda, moshi haiingie bamama mu macho. Na mashini inapumua muzuri mu mulima. Tatizo yake ni moja: inalia.”

Inalia! Nikamwambia basi ailize. Nani alikuwa nyuma yangu? Albert. Mji huu hauna siri.

“Shemeji, kilio bado hakiyaondolewa. Gari ya marehemu ikilia hivi, bantu batasema nini? We iko mujane. Pita polepole.”

Kwetu ndivyo ilivyo, najua. Kabla ya sherehe ya kuondoa kilio mjane hapazi sauti, hapigi muziki uani. Lakini ni nani anayeahirisha sherehe hiyo kila mwezi? Yeye, mkubwa wa ukoo! Kilio kikiwa kirefu, mimi nabaki chini na gari linabaki “la familia”. Akaongeza habari ya wanyang’anyi, eti gari la kelele linawaita. Nikamuuliza kama anataka nipite kama mwizi kwenye barabara yangu mwenyewe. Alitazama matairi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefunga ile ya Uvira. Bubu. Si kwa ajili ya Albert! Kwa ajili ya mama mkwe. Tunaishi ua mmoja, na tangu mazishi Mama Constance hasemi zaidi ya neno la salamu. Albert anasema mama yao anaona haya kwa ajili yangu. Sijui. Yeye hajaniambia, nami naogopa kumwuliza. Mwanawe amelala ardhini, basi nitanyamazisha gari. Nimekasirika.

Ijumaa, 7 Juni

Aibu gani hii! Niiandike kabla sijaanza kucheka tena.

Siku ya soko, nimeondoka asubuhi kuelekea Fizi. Kijiji cha kwanza—hakuna mtu barabarani. Cha pili, hakuna. Kwa nini? Kwa sababu bamama hao wako mashambani, na miaka yote wakisikia mngurumo wa Henri kule chini wanatua jembe, wanabeba beseni, wanakuta gari linafika. Leo hawakusikia kitu. Napita, nyuma ya gari ni tupu!

Basi nikapata akili yangu kubwa. Nikaanza kupiga honi. Nikabonyeza bila kuachia, kijiji kizima.

Watu wakatoka, naam. Wakatoka wanalia! Mwanamke mmoja akajitupa chini. Wanaume wakavua kofia. Mwendo wa polepole, honi mfululizo, mjane mwenye kitambaa cheusi kwenye usukani—walidhani nimebeba maiti. Ndivyo tunavyopeleka maiti huku, nami sikufikiria hata kidogo. Mzee mmoja akashika ukingo wa gari, akaniuliza kwa upole: “Ni nani, mama? Umeleta nani?”

Nikasema simleti mtu, natafuta abiria.

Immaculée, anayeuza unga, ndiye aliyenitukana vizuri. “Ulipita sawa muzimu! Tulizobelea sauti ya Henri, masikio yalishaizoea. Mi nilikuwa mu shamba, nikasema huyu mama ametuacha. Unaficha gari sababu gani? Uliiba?”

Nilicheka hadi machozi, halafu yakawa machozi ya kweli. Aliyekufa ni Henri. Gari halijafa na mimi sijafa. Akina Albert waliitoa sauti yake barabarani na mimi nikawasaidia! Sirudii tena.

Jumamosi, 8 Juni

Claver ametoa ile bubu, amefunga ya kupanda. Amelizungushia bomba wavu wa chuma ili mtu asiungue mkono. Alipowasha, kuku wa sokoni walitawanyika. Nilimwambia: nzuri.

Nimepita mbele ya nyumba ya Albert. Makusudi. Halafu nikageuza nikapita tena.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika juu ya usukani, injini inawaka.

Albert amesimama mbele ya gari, hapa mlangoni pa ua, na baba wadogo wawili wa ukoo. Anasema pikapu haitoki mpaka kilio kiondolewe. Anapiga kelele ili asikike. Nimemwambia ataje siku ya kuondoa kilio, sasa hivi, mbele ya baba wadogo. Ametazama pembeni. Kumbe siku hana! Baba mdogo mmoja amemgeukia na kumwuliza vilevile.

“Zimisha kwanza mashini, tuongee!” ananiambia.

“Ongea tu, shemeji. Nakusikia.”

Immaculée na wenzake walikwisha kupanda. Hawashuki. Mmoja anamwambia Albert muhogo wake hauvai nguo nyeusi.

Mama Constance ametoka nyumbani kwake. Amevaa kitenge cheusi, anatembea katikati ya watu bila kumtazama mtoto wake. Albert anasema: “Mama, mwambie.” Yeye amezunguka gari. Ameweka kiganja juu ya boneti, kwenye mtetemo.

Sasa amefungua mlango wa upande wa pili. Ameketi karibu nami. Amefunga mlango.

Anatazama mbele. Nimeingiza gia, vitesi ya kwanza, na Albert hajasogea. Naweka kalamu chini: tunakwenda.