Mama Anakuja Bila Mkalimani

Nyaramba,
Jumanne, 10 Septemba 1974

Kwa wifi yangu mpendwa Syprose,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wazazi wako hapo Oyugis, na kwamba kile kikohozi kimekuachilia. Sisi hapa hatujambo. Chai imechipua hata mikono haitoshi, na kapu lako bado limening'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Mama hataki mtu alitumie.

Tangu uondoke, kila mtu anaeleza kwa nini ulikaa kwetu miezi saba bila kujua Kikisii. Mwalimu Onsongo, aliyerudi mwaka huu kutoka kozi, anasema lugha ni mazoea, na kwamba mazoea ya Kijaluo yamekalia mahali pa Kikisii, kwa hiyo dawa ni kurudia tu. Ndiyo maana alikukaririsha "naenda mtoni" mara ishirini umekaa kwenye kiti, ndoo zikiwa tupu. Mama alimwuliza kama yeye alifundishwa kunyonya kwa chaki. Wanawake tunaochuma nao chai wanasema ni kiburi cha mjini. Naye kaka Machogu ameandika kutoka kazini Kisumu kwamba, kama mkewe na mama yake hawawezi kuishi pamoja, atakutafutia chumba huko na nyumba yenu hapa ifungwe. Ni mimi niliyemsomea Mama barua hiyo. Siku hiyo hakula.

Nami nimefikiri sana, maana tangu nimalize shule nina muda mwingi wa kufikiri kati ya mistari ya chai. Shule ya msingi tulivalishwa kibao shingoni tukinaswa tukisema Kikisii. Kibao hicho hakikunifundisha Kiswahili, kilinifundisha kunyamaza. Kiswahili kiliniingia darasa la sita, nilipokaa dawati moja na Marion, mtoto wa muuza nguo kutoka Homa Bay. Hakujua neno hata moja la kwetu, nami nilitamani sana kujua mambo yake. Nilipokwama alingoja, wala hakucheka.

Wewe, wifi, hapa hukuwa na mtu wa kukungoja, na kosa hilo ni langu.

Unakumbuka kwamba Mama alikuwa hajamaliza kusema, mimi nimekwisha kukugeuzia kwa Kiswahili. Uliponiuliza namna ya kumshukuru, nilikuambia usijisumbue, nitamwambia mimi. Wote walinisifu kuwa ninakusaidia. Lakini kabla hujaja, hakuna mtu nyumbani aliyewahi kungoja nimalize sentensi, unajua nilivyo na haya. Ulipokuja, wewe na Mama, na hata Baba, mkawa mnautazama mdomo wangu. Nilipenda. Niliogopa siku utakayosema mwenyewe.

Kuna baya zaidi. Mwezi wa Aprili Mama alisema nikuite jikoni, mkae ninyi wawili tu, akuonyeshe kupika chinsaga, zile mboga chungu zetu, maana mtaelewana kwa mikono. Mimi nikakuambia Mama anataka upumzike. Kisha nikamwambia Mama umesema umechoka. Nilifanya hivyo mara tatu. Baada ya mara ya tatu ndipo Mama alipokuita "mke wa kiti" mbele ya wanawake, wakacheka, ukaniuliza wamesema nini, nikasema sikusikia. Wiki iliyofuata ulifunga mizigo.

Juzi nilimwambia Mama yote. Nilidhani atanipiga. Aliendelea kuchambua mboga mpaka zikaisha, kisha akauliza kama ulikuwa ukilia. Nikasema ndiyo.

Jana alikwenda sokoni kwa Anyiko muuza samaki, akamwomba amfundishe Kijaluo cha kukusalimu na kukuomba urudi. Anyiko alicheka hadi akashika meza, lakini alimfundisha. Sasa Mama anachuma chai akiyasalimu majani, "oyawore, oyawore." Mwalimu Onsongo alipopita akasema ulimi wa umri ule umekwisha kukauka. Mama akamwambia aende akafundishe viti.

Jumapili atakuja kwenu, na chinsaga ndani ya kapu lako. Nilimwomba nimsindikize niwe mkalimani. Amekataa, akisema mimi nimekwisha kusema vya kutosha.

Kama hutaki kurudi, wifi, usirudi, sitakulaumu. Mwambie mwenyewe, kwa lugha yoyote. Ila akifika mlangoni atakwama katikati ya ile salamu, kwa maana hapa anakwama kila mara. Tafadhali usimmalizie. Mngoje.

Barua hii ataileta Anyiko akipita huko Alhamisi. Niamkie wazazi wako, na uniombee moyo wa kuwatazama usoni siku moja.

Ni mimi wifi yako niliyekukosea,
Nyanchera