Mwano wa Spika Mbili

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Shinyanga

Mwaka wa ishirini na saba tangu nitoke kwetu, upande wa Geita. Naendelea kuhesabu, ingawa hakuna anayeniuliza.

Asubuhi kazi yangu ya matangazo: mazishi, kata ya Ibadakuli. Nilikuwa nimefika kwenye jina la marehemu, sauti ikakatika. Injini inanguruma, spika mbili juu ya paa la pikapu kimya kama masufuria. Nikamalizia kwa mdomo, nyumba hadi nyumba. Koo linauma.

Jioni nimetazama fyuzi. Nzima.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeshusha spika, nikagusisha nyaya zake kwenye betri ya tochi. Zote mbili zimekwaruza. Zi hai. Maiki nayo nzima. Basi kosa liko kwenye amplifaya au kwenye umeme unaoilisha. Napenda kazi ya namna hii. Unaondoa kimoja kimoja mpaka mkosaji anabaki peke yake.

Kabula amepiga simu. Dada yangu, mjane, wa mwisho wa nyumba yetu aliyebaki kule. Mtoto wa jirani yake alikufa kwa homa, na sasa watu wanasema macho ya Kabula ni mekundu, ya mchawi. Ni mekundu kweli. Miti imekwisha, anapikia mavi ya ng'ombe, moshi umemla macho miaka yote. Jana amekuta ng'ombe wake amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma kwa panga. Alikuwa hai bado, anajaribu kusimama.

Nimemwambia aondoke leo hii. Amekataa.

"Kaka, nikikimbia nimekubali."

Mtendaji wa kijiji hapokei simu.

Jumatano, 10 Septemba

Sikugusa gari.

Mama naye walimsema macho. Jioni moja ukapigwa mwano, lile yowe letu la kuita watu wezi wa mifugo wanapovamia. Mwanamume akilisikia hutoka na silaha yake, hata kama yuko mezani. Anayebaki nyumbani huulizwa kwa nini, na hutozwa faini. Nilitoka na rungu. Tulikimbia mpaka ng'ambo ya kilima kuwafuata ng'ombe ambao hakuna aliyewaiba. Niliporudi mama alikuwa mlangoni, kichwa ndani, miguu nje. Panga. Walitaka tu wanaume tuwe mbali.

Baadaye wakachoma nyumba yangu. Nikaondoka na mke wangu, baiskeli, na vitabu vichache vilivyonusurika. Mke wangu amelala makaburi ya hapa mjini.

Aliyepiga yowe lile hajajulikana hadi leo. Ningemjua, ningemuua. Naandika hivyo na sijutii.

Alhamisi, 11 Septemba

Shabani amekuja na mita yake. Fundi redio wa sokoni. Babu yake alitoka Pangani, yeye kazaliwa hapa hapa, na bado anatuita washamba. Kapima: umeme unafika kwenye amplifaya, ukiiwasha unaanguka. Akafuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi, chini ya kiti. Akacheka mpaka akakaa chini. Mwezi uliopita niliona kutu pale, nikapaka rangi vizuri, kisha nikafunga waya juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme.

"Mwalimu, ninyi Wasukuma waya mnaufunga kama kamba ya ndama. Ukikaza tu, umeridhika."

Nikamjibu kwamba ndama wangu hajawahi kupotea. Tumekwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Sauti imerudi, madirisha ya jirani yametetemeka. Bolti imelika, haikazi sawasawa. Kasema ibadilishwe. Nikasema kesho.

Kabula tena. Ananong'ona. Mganga amemtaja. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji na ataitwa mbele. Naijua mikutano hiyo. Sasa anataka kuondoka, lakini vijana wenye mapanga wamekaa kwenye njia yake.

Shabani alikuwa anasikia. Kasema tunakwenda. Sikumwomba.

Ijumaa, 12 Septemba. Kahama

Tumelala hapa. Tumepita polisi, wameahidi kutuma watu. Lini, hawakusema.

Mpango wangu: kusimama mbali kidogo na kuzungumza nao kwa spika. Nusu yao niliwafundisha kusoma. Watanisikiliza au watanipiga mawe. Naogopa.

Bolti sikubadilisha. Maduka yalikuwa yamefungwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike kwa mfuatano.

Tulifika mchana. Tukasimama penye mwinuko wa shule. Nyumba ya Kabula inaonekana chini. Hapakuwa na mkutano. Walikuwa wamekwisha kumtoa nje. Wanaume wengi, marungu, fimbo, mapanga. Alikuwa amepiga magoti, mikono juu ya kichwa, na fimbo zinashuka juu ya mikono. Niliona panga likiinuka, likashuka.

Nikawasha. Kimya. Barabara ya vumbi ilikuwa imelegeza bolti. Nikang'oa waya, nikaukandamiza kwa kidole kwenye chuma tulichokwangua. Spika zikanguruma. Waya mkono mmoja, maiki mkono mwingine.

Sikuzungumza nao. Mtu wa kuzungumza naye hakuwapo pale. Nilipiga mwano.

Niliupiga kama nilivyousikia jioni ile ya mama, kwa Kisukuma, kwa pumzi yangu yote. Wezi wamechukua ng'ombe, wanashuka bondeni. Bondeni, kwenye matete. Nilichagua bonde kwa sababu hapakuwa na mtu kule. Vyura na matete tu.

Vichwa vikageuka. Wakamwacha Kabula pale pale alipokuwa na wakakimbia. Wote. Hata mwenye panga. Mwano hauulizwi.

Shabani alishuka mbio, akambeba mgongoni. Nikaendelea kupiga yowe mpaka waya ukaniunguza kidole.

Jumapili, 14 Septemba. Kahama, hospitali

Mkono wa kushoto wa Kabula umevunjika mara mbili. Panga lilipita begani, mfupa umezuia. Ataishi. Polisi wamekuja kuandika maelezo yake.

Shabani anawasimulia wauguzi jinsi Mwalimu alivyowapeleka watu wazima kuwinda vyura. Wanacheka. Nilicheka pia. Nimefurahi kuliko siku yoyote tangu nitoke kwetu.

Jumanne, 16 Septemba

Binamu yetu amepiga simu. Alikuwa kwenye kundi lile. Hasemi alibeba nini.

Bonde lina watu. Miaka mitatu sasa wachimbaji wadogo wanasuuza mchanga wa dhahabu pale. Matete yalikatwa yote. Wengi waliposikia yowe walikimbia. Mmoja hakukimbia, maana hakujua Kisukuma na hakujua mwano ni nini. Mgeni, hata jina lake hawalijui. Alisimama na karai lake, akawasalimia.

Marungu kwanza. Kisha mawe. Kisha petroli ya pampu yake mwenyewe.

"Tulijua wewe ni mwizi aliyebaki nyuma," binamu alisema, kana kwamba anazungumza na yule mgeni marehemu. Kisha akanitaja kwa jina. Wanajua ni sauti yangu.

Nimekata simu.

Sauti niliyoitafuta miaka yote nimeipata. Ilikuwa kooni mwangu.

Alhamisi, 18 Septemba. Shinyanga

Nimekwenda polisi, nikaeleza yote. Bonde, mwano, mgeni. Afisa aliandika taratibu, akaniuliza kama kweli niliamini hapakuwa na mtu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza mara ya mwisho kuliona bonde lile ni lini. Nikamwambia, kabla sijahama. Akaacha kuandika kwanza, akanitazama.

Nisiondoke mjini. Wataniita.

Jumamosi, 20 Septemba

Shabani alikuja na bolti mpya. Nikamwomba tushushe spika badala yake. Hakutania. Tumezifunga kwenye gunia, amezichukua. Paa la pikapu limebaki na matundu manne. Nitayaziba kabla ya mvua.

Kabula amekaa uani na plasta yake, anachambua mchicha kwa mkono mmoja. Macho yameanza kuwa meupe. Hapa tunapikia gesi.

Kaniuliza, mambo yakitulia, tutakwenda kuliangalia kaburi la mama?

Nimemwambia mimi sitarudi.