Saa ya Kerubo

Ijumaa. Mvua imeanza saa nane mchana, na kilima cha ng'ambo hakionekani.

Nimewaandikia hapa mara nyingi kuhusu ugonjwa wa kusahau uliompata marehemu mke wangu, Kerubo. Mmenipa pole nyingi. Zirudisheni. Kerubo hakuwa mgonjwa, nami nimelijua hilo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Daktari amenipa wiki chache, kwa hiyo msidhani ni ushujaa.

Asubuhi binti yangu Moraa alikuja kutoka Nyaramba, akaishusha saa ya ukutani ambayo haijatembea tangu tumzike mama yake. Betri ilikuwa imevuja na kuacha kutu ya kijani. Aliikwangua kwa wembe, akasugua kwa pamba na maji ya limau. Ni muuguzi, mikono yake haina haraka. Bila kuniangalia, akaniambia kwamba juzi alisahau sufuria motoni mpaka ikaungua, na kwamba wodini lilimpotea jina la mgonjwa aliyemhudumia siku tatu.

"Tata, mama alianza hivi hivi," alisema. "Nimeandika barua ya kuacha kazi. Heri nitoke kabla sijampa mtu dawa isiyo yake. Jumatatu naipeleka."

Nilimwambia kutu imebaki kwenye kona ya kushoto.

Hivyo ndivyo nilivyo.

Huku kwetu mvua ya alasiri hulificha jua likitua, kwa hiyo Sabato yetu iliingia kwa saa. Kerubo ndiye aliyepiga kengele ya kanisa, rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa nje. Kila Ijumaa aliitazama saa hii, akashuka na mwavuli wake, akapiga. Wachuma chai wakatua vikapu, jikoni kukatulia. Mwanamke wa darasa la saba, na kijiji kizima kilimtii.

Mimi nilikuwa mwalimu mkuu. Kengele yangu niliiacha shuleni nilipostaafu, na mwaka ule hakuna aliyegeuka nilipopita.

Ijumaa tatu mfululizo, akiwa jikoni, niliirudisha saa nyuma nusu saa. Akishatoka, niliisogeza mbele tena. Watu wakachuma chai ndani ya Sabato, mpaka mmoja akasikia redio ikitaja saa.

Wazee wa kanisa walipokuja, walilinganisha saa zao za mkononi na hii ya ukutani. Zililingana. Kerubo aliitazama kama mama anayemtazama mtoto wake aliyemkana. Nikawaambia wazee, kwa upole kabisa, wasimlaumu, akili yake imeanza kuchoka.

Kengele akapewa mwingine. Wachuma chai wakambandika jina, Saa Mbovu. Nami nilimwita hivyo mezani, nikicheka. Tangu hapo aliniuliza ni saa ngapi hata akiwa amesimama mbele ya saa.

Nilifurahia kuulizwa.

Leo Moraa alipotia betri mpya, mshale wa sekunde uliruka, ukaanza safari. Akanipa niirekebishe. Kidole changu kilikifikia kigurudumu cha nyuma bila kupapasa.

"Kumbe Tata ni fundi," alicheka. "Macho hayakutazama lakini kidole kinajua njia."

Nilimrudishia. Akaitundika, akaenda kwake kabla Sabato haijaingia. Husoma ukurasa huu kila Jumapili.

Basi soma, Moraa. Ichane hiyo barua. Sufuria humwungulia yeyote aliyechoka, na kwa mama yako hukurithi ugonjwa, kwa sababu haukuwepo.

Limebaki moja. Siku mbili kabla hajafa, aliniomba nifunge mlango.

"Mwalimu," alisema, "mimi nakwenda. Niambie ukweli. Ile saa niliisoma vibaya?"

Nilimwambia, "Uliisoma vibaya, Kerubo."

Akanishukuru kwa kumvumilia.